Themostati ya baba ilikuwa kwenye kopo la misumari

Msimu huu trekta letu limelima tangu katikati ya Januari hadi mvua zilipoanza, na halikuchemsha hata siku moja. Mshale wa joto umekaa pale unapotakiwa kukaa, asubuhi hadi jioni. Nimefurahi sana, lakini furaha hiyo ina uchungu ndani yake, kwa sababu misimu mitatu nyuma tulikuwa tunaiua injini hiyo hiyo polepole, kwa mikono yetu, huku tukiamini tunaitunza.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135. Matrekta haya yalianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na la kwetu lina injini ya dizeli ya Perkins, silinda tatu, ujazo wa lita mbili na nusu, nguvu za farasi kama 45. Baba alilinunua likiwa limeshatumika, nami nilikuwa darasa la pili. Nakumbuka siku lilipoingia uani kwetu hapa Karatu, mama alitoka jikoni na unga mikononi akasimama tu. Lilitusomesha wote watano. Baba alipofariki, mimi ndiye niliyebaki na daftari la ekari, na mdogo wangu akabaki na usukani.

Mwaka 2021, mwezi wa pili, tulikuwa tunalima shamba la jirani lililokuwa limevunwa mbaazi. Jua kali, udongo mkavu, plau la diski tatu. Kama saa saba mchana nikiwa naleta chakula niliona mvuke umefunika bonti yote. Mdogo wangu aliruka chini. Tandiboi wetu, kijana mwenye nia njema kabisa, akachukua dumu la maji ya kunywa, akafungua kwa kitambaa mfuniko wa rejeta, kile kipoza maji ya injini kilichoko mbele, akamwaga maji ya baridi humo humo kwenye injini inayounguruma kwa moto. Tulisikia mlio kama wa chuma kinachopigwa mara moja. Gasketi ya hedi, yaani kizibo kinachokaa chini ya kifuniko cha juu cha injini, ilikwenda, na hedi yenyewe ikapinda. Ilibidi ipelekwe Arusha kusawazishwa uso kwa mashine. Siku kumi na mbili trekta limelala katikati ya msimu, na wateja tuliokuwa tumechukua malipo yao ya awali wanapiga simu.

Fundi aliyelifunga upya alitoa themostati na hakuirudisha. Aliniambia hivi: "Dada, huku kwetu joto lipo la kutosha. Hiki kidude ni cha nchi za barafu. Hapa kinazuia maji tu." Nilimwamini. Nani angemkatalia, wakati tumetoka kuona mvuke kwa macho yetu? Na kweli, tangu siku ile mshale haukupanda tena. Ulikuwa unajiinua kidogo saa nne, ukifika saa nane umekaa chini ya robo ya geji. Sisi tukawa tunausifia.

Nieleze kidude chenyewe, maana wengi tumekisikia bila kukishika. Ni kisahani cha shaba chenye upana kama wa mdomo wa kikombe cha kahawa, katikati kina kizibo kilichoshikwa na springi, na chini yake kuna kikopo kidogo kilichofungwa. Ndani ya kikopo hicho kuna nta. Injini ikiwa baridi, kizibo kimefunga, maji yanazunguka ndani ya injini tu bila kwenda kwenye rejeta, kwa hiyo yanapata moto haraka. Nta ikifika joto lake inayeyuka na kuvimba, inasukuma kijiti, kizibo kinafunguka, na sasa maji yanapita kwenda kupoa. Yakipoa kupita kiasi, nta inasinyaa, springi inafunga tena. Kazi yake siyo kuzuia maji. Kazi yake ni kuhakikisha injini haikai chini ya joto iliyotengenezewa. Kwenye yetu imegongwa namba 82, yaani inaanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82.

Dalili zilianza msimu wa pili, na mimi sikuziunganisha. Kwanza dizeli. Baba alikuwa anaandika lita kwa kila ekari, nami nimeendelea na daftari lile lile. Shamba lile lile lililokuwa linakula lita sita na nusu kwa ekari likaanza kula saba na nusu, hadi karibu nane. Nikadhani dereva anaiba. Nilimwuliza mdogo wangu swali ambalo hadi leo najuta kumwuliza. Pili, moshi mweupe uliokuwa hauishi asubuhi, wenye harufu inayochoma macho. Tatu, ute mweusi kama lami laini ukidondoka kwenye maungio ya ekzosi. Na nne, hiki ndicho kilichonishangaza zaidi: oili haikupungua. Iliongezeka. Nilipima Jumatatu, nikapima Jumamosi, kiwango kimepanda juu ya alama. Niliona ni baraka.

Mwaka 2024 ndipo shemeji yangu aliponipeleka kwa fundi mmoja mzee sana huko Mbulu, ambaye siku hizi hafungi injini tena, anakaa tu kwenye kiti mlangoni na kuelekeza wajukuu. Tulilifikisha trekta kwa mguu wake lenyewe. Nikamwamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Mshale unakaa wapi?"

Hakuuliza linaumwa nini. Aliuliza mshale.

"Unakaa chini, babu. Siku hizi halichemshi kabisa."

"Halichemshi," akasema, "au halipati moto?"

Akaomba kijiti cha kupimia oili. Akakichomoa mwenyewe, akakileta puani, akavuta harufu kwa utulivu kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yamechacha. Kisha akaisugua oili katikati ya kidole gumba na cha shahada, akavitenganisha, akasugua tena. Oili nzima huacha uzi mwembamba vidole vinapoachana. Hii yetu ilikuwa majimaji. Akamwita mjukuu alete gazeti, akadondosha tone moja juu ya sehemu nyeupe ya karatasi, akaliweka juani. Tukanywa chai. Tuliporudi tone lilikuwa limetengeneza doa jeusi katikati, na kulizunguka kuna duara pana, jepesi, la rangi ya chai hafifu, lililotambaa hadi kwenye maandishi. Akaweka ukucha kwenye lile duara. "Hii ni dizeli," akasema. "Dizeli yako uliyonunua ichomwe juu, imeshuka chini kwenye oili."

Pale mlangoni ndipo nilipoelewa jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Inategemea joto la hewa iliyokandamizwa. Kama kuta za silinda ni baridi muda wote, sehemu ya dizeli inayogusa kuta hizo haiungui vizuri. Inaosha ile filamu ya oili inayolinda chuma, inapita pembeni ya ringi, zile pete zinazozunguka pistoni, inashuka kwenye karta, bakuli la oili chini ya injini. Ndiyo maana oili yangu "ilibarikiwa". Wakati huo huo pistoni ni ya aluminiamu na silinda ni ya chuma, na aluminiamu hutanuka zaidi ya chuma inapopata moto. Aliyezipima nafasi hizo kule kiwandani alizipima ziwe sawa injini ikiwa na joto lake. Ikiwa baridi, pistoni inachezacheza na kugonga kuta. Halafu kuna maji. Kila mafuta yanayoungua hutoa mvuke wa maji, na mvuke huo ukikuta kuta za baridi hugeuka matone, kama mfuniko wa sufuria. Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu dizeli ilikuwa na salfa nyingi, na salfa ikikutana na maji hayo inakuwa asidi inayokula chuma. Tangu 2015 nchi zetu za Afrika Mashariki zilishusha kiwango cha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni, kwa hiyo asidi siyo tishio kama enzi za baba. Matone ya maji bado yapo.

Yule mzee ana sababu ya kuijua baridi ya injini. Ujana wake alifanya kazi kwenye shamba la mlowezi upande wa Oldeani, wakiwa na Ferguson ndogo ya kijivu, zile zilizotengenezwa kati ya 1946 na 1956. Ile ilikuwa ya mafuta ya taa. Unaiwasha kwa petroli, unasubiri ipate moto sawasawa, ndipo unageuza koki kwenda kwenye mafuta ya taa, kwa sababu mafuta ya taa hayageuki mvuke kwenye injini baridi. Ukiwa na haraka ukageuza mapema, mafuta yanashuka mabichi kwenye oili. Asubuhi za mwezi wa saba, ukungu ukiwa umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro, kazi yake ya kwanza ilikuwa kufunga gunia la katani mbele ya rejeta ili hewa isiipoze, kisha kulikunja taratibu kadiri jua linavyopanda. "Tulikuwa tunaitafutia moto," akaniambia, "nyinyi mnaukimbia."

Nikamwuliza: basi mbona ilichemsha mwaka ule? Kama themostati haikuwa na kosa, nani alikuwa na kosa?

Akamwambia mjukuu afungue pua ya trekta na kutoa betri. Kwenye 135 betri inakaa mbele, kati ya grili na rejeta. Ile nafasi ya nyuma ya betri ukiwa umesimama mbele huioni. Mjukuu alipoitoa, nilitamani kukaa chini. Rejeta ilikuwa imevaa blanketi: makapi ya mbaazi, mabua, manyoya ya kuku, vumbi jekundu lililoshikana na oili hadi likawa kama tofali. Labda robo tatu ya uso wote. Tulikuwa tunapuliza grili kila Jumapili na kuridhika. Wakati tulipotoa themostati, maji yalikimbia yote kwenye rejeta muda wote, na hata rejeta iliyoziba ikatosha kuyapoza, maana hatukuwa tena na kitu cha kuyashikilia. Tulifunika ugonjwa mmoja kwa kuanzisha mwingine.

La pili lilikuwa mfuniko. Mfuniko wa rejeta wa trekta hili unatakiwa ushikilie mgandamizo, paundi 7 kwa inchi ya mraba. Wetu mpira wake wa ndani ulikuwa umeliwa, na mtu fulani, nahisi ni sisi wenyewe, aliweka kipande cha mfuko wa plastiki ili usivuje. Mzee akanifundisha hesabu ambayo kila mwenye trekta huku juu anapaswa kuijua. Pwani maji yanachemka kwa nyuzi 100. Kadiri unavyopanda, yanachemka mapema, karibu nyuzi moja kwa kila mita 300. Sisi tuko kama mita 1,500, kwa hiyo sufuria ya chai hapa Karatu inachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Themostati inafunguka 82. Maana yake, ukiwa na mfuniko mbovu, kati ya joto zuri na mvuke una nyuzi 13 tu. Plau likikutana na kipande cha udongo mgumu, zimekwisha. Mfuniko mzima unaipandisha ile 95 hadi zaidi ya 105. Kifuniko kile kidogo kilikuwa kinaweza kutuokoa na ile safari ya hedi kwenda Arusha.

Aliniambia ninunue themostati mpya, nisafishe rejeta kutoka ndani kwenda nje, niweke mfuniko mpya, nimwage oili yote ile. Na kabla ya kufunga themostati yoyote, niichemshe kwanza jikoni.

Nilinunua themostati Arusha, ya pakiti nzuri, imegongwa 82. Nikarudi nyumbani, nikamweleza mama ninachotaka kufanya na sufuria yake. Mama akasikiliza, akaenda stoo, akarudi na kopo la maziwa ya unga lililojaa misumari, nati na vipande vya waya. Mama hatupi kitu. Akalimwaga kwenye sinia, akachambua kwa kidole, akatoa kisahani cha shaba kilichokuwa cheusi kwa uchafu. "Yule fundi aliacha hiki hapa uani," akasema. "Nikaona ni cha baba yenu, kitakuwa na kazi."

Ilikuwa ile ile iliyotolewa 2021.

Nilizisugua zote mbili, nikazifunga kwa uzi kwenye mwiko uliolala juu ya mdomo wa sufuria, zikaning'inia ndani ya maji bila kugusa chini, pamoja na kipimajoto. Nikaweka jiko la mkaa nje penye mwanga. Mdogo wangu akachuchumaa upande mmoja, mama upande mwingine, mimi nasoma namba. Sitini, hakuna kitu. Sabini, hakuna. Mapovu madogo yakaanza kushika shaba. Themanini. Themanini na moja. Kwenye 82, ile nyeusi ya baba ikatikisika, na mstari mwembamba wa giza ukatokea ukingoni mwa kizibo, mwembamba kama unywele. Tukaacha kuongea. Themanini na tano mstari umekuwa mpana wa kuingiza punje ya mchele. Tisini na mbili kizibo kimeshuka chote, unaona hadi upande wa pili. Ile mpya bado imefunga kimya. Ilianza kufunguka 93, maji yakiwa yanakaribia kuchemka. Ningeifunga ile, trekta lingechemsha siku ya kwanza, na fundi wa awali angekuwa na ushahidi wake.

Mama hakusema neno. Alichukua kitenge akajifuta macho, akarudi ndani.

Ile mbovu niliirudisha dukani, wakanibadilishia bila ugomvi. Ya pili nayo niliichemsha, ikafunguka 82 na kufunga vizuri ilipopoa. Ndiyo iliyofungwa. Ya baba nilitaka sana niirudishe mahali pake, lakini mzee alisema springi ya miaka yote hiyo usiikabidhi injini wakati mpya nzima unayo. Nimeifunga kwenye kitambaa kikavu, inakaa kwenye kiboksi cha spea chini ya kiti.

Kuna jambo dogo la ufungaji nilisema nisilisahau. Kwenye kile kisahani kuna kitundu chenye kipini kidogo kinachocheza. Kile siyo hitilafu, ni cha kutolea hewa. Kikae juu. Hewa ikinaswa chini yake, themostati inaweza kukaa bila kugusana na maji ya moto na ikachelewa kufunguka. Na maji: tuliacha kabisa kutumia ya kisima. Kisima chetu kina chumvi, birika la mama lina ukoko mweupe unene wa ganda la yai, na ukoko huo huo ulitoka kwenye injini tulipoisukutua. Sasa tunaweka maji ya mvua yaliyochanganywa na kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta. Injini yote inachukua kama lita kumi tu, hakuna sababu ya kubania.

Nilinunua pia kile kifaa cha kupima joto kwa mwali mwekundu, cha mafundi, siyo kile cha kupimia watu paji la uso. Kabla hatujafunga themostati nilipima bomba la mpira la juu la rejeta plau likiwa ardhini: nyuzi 56. Baada ya kufunga, shamba hilo hilo, saa hiyo hiyo ya mchana: 84 juu, 77 chini. Nimeziandika kwenye daftari chini ya mwandiko wa baba. Wiki ya pili ute wa ekzosi ulikauka ukawa masizi, wiki ya tatu ukaanza kubanduka wenyewe. Dizeli imeshuka hadi lita sita na robo kwa ekari. Moshi wa asubuhi bado upo kidogo, na mzee anasema huo unatokana na ringi zilizokwisha kulika, hazitarudi kuwa nzima. Misimu mitatu ile imekula kitu, na siku moja tutafungua injini kubadilisha ringi mapema kuliko tulivyopaswa. Hilo nimelikubali.

Mdogo wangu nilimwomba radhi juu ya ile dizeli. Nilimfuata shambani, siyo kwa simu.

Sasa asubuhi tuna utaratibu. Haliachwi likiunguruma bure nusu saa, kwa sababu injini ya dizeli ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma taratibu bila kazi, haipati moto wa maana. Linawashwa, dakika chache, linaanza kutembea pole pole kuelekea shambani plau likiwa juu. Likifika ukingoni mwa shamba linasimama. Tandiboi, yule yule aliyemwaga maji mwaka ule, amesimama kwenye ngazi akiangalia geji, na kazi hiyo hamwachii mtu. Mshale unapanda, unapita robo, unakaribia katikati, halafu unarudi nyuma kidogo kama mtu aliyestuliwa. Pale ndipo themostati imefunguka, maji ya baridi ya rejeta yameingia kwa mara ya kwanza. Unatulia, unapanda tena, unakaa.

"Umefika," anasema, na mdogo wangu anashusha plau.